Babu mkubwa alipelekwa "kwa vichaa" akitokea Machame miaka ya 1930 na hajarudi mpaka leo, nianzie wapi kumtafuta?

KihambaChaBabu:
Wakuu poleni na majukumu. Mods naomba msiutupe huu uzi kule jukwaa la utani, niko siriasi kabisa.

Iko hivi. Mi kwetu Machame ila nimekulia Moshi mjini. Mwaka juzi mdogo wangu aliugua, na siongelei malaria, aliugua kichwa, siku nne halali, anaongea na ukuta, anasema redio inamtaja jina. Tukampeleka kliniki, daktari binti mdogo tu mpole, akaanza maswali yake, akafika pale pa kwenye ukoo wenu kuna mwingine aliwahi kuwa hivi? Tulikuwepo mimi, baba na shangazi. Wakuu, wazee wote wawili waliangalia viatu vyao. Baba akasema hamna. Shangazi akakohoa. Tulivyorudi kwenye gari ndo shangazi akamwambia baba kwa Kimachame, akidhani mi mtoto wa mjini sisikii (nasikia sana tu), kwa nini umemdanganya mtoto wa watu, na yule kaka yake mzee je?

Kumbe babu yangu mzaa baba alikuwa na kaka! Miaka 34 nimeishi duniani sijawahi kusikia. Na nyie mnajua Wachaga tunavyorithishana majina, mtoto wa kwanza wa kiume anabeba la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama, majina yanazunguka hayo hayo mpaka ukiita mmoja kwenye msiba wanageuka sita. Nimepiga hesabu ukoo mzima, jina la huyu mzee hakuna hata mtoto mmoja aliyepewa. Halipo. Ka vile hakuzaliwa.

Desemba tulivyopanda mlimani nikamvizia bibi peke yake jikoni. Bibi ana miaka 91, aliolewa 1953 kwa hiyo hakumkuta. Akanyamaza weee, kisha akaingia ndani akatoka na kopo la biskuti lina kutu. Ndani kuna risiti za kodi ya kichwa. Karatasi zimekuwa rangi ya chai, zimekunjwa mara nne, zimefungwa na uzi wa kushonea. 1931 mpaka 1937, saba kamili, hakuna mwaka umerukwa. Bibi anasema alikabidhiwa na mama mkwe wake, yaani mama yake huyo mzee, maana zamani ukikutwa huna risiti ya kodi unakamatwa, mama akawa anazitunza ili mwanae akirudi asisumbuliwe.

Anachojua bibi ni alichosimuliwa. Kwamba alikuwa anatembea usiku kwenye vihamba (mashamba ya migomba ya ukoo) vya watu anaimba, akaja kuchoma banda la mbuzi la jirani, wakamfunga mikono kwa kamba ya mgomba, wakamshusha mpaka stesheni ya Moshi, akapandishwa treni na mzee mmoja wa kanisani. Mzee wa kanisani alirudi. Yeye hakurudi. Basi, mwisho wa hadithi.

Wote wanasema alipelekwa Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili kule Dodoma. Nimeshaanza kuhangaika, kuna ofisi moja siitaji nimeenda mara tatu, mara ya tatu karani akaniuliza "sasa huyo ni mgonjwa wa serikali hii au wa Mzungu?" akarudi kwenye simu yake.

Nani humu ameshawahi kutafuta ndugu wa namna hii? Nianzie wapi? Jina la ukoo naliweka kapuni kwanza.

ChaliiWaSakina:
Naweka kiti hapa nasubiri wataalam. Ila meku si ungeenda tu Dodoma ukaulizia getini, huenda bado yupo anakusubiri na ye anazo risiti zake 😂

KihambaChaBabu:
Atakuwa na miaka 110 na ushee chalii angu. Cheka tu.

ChaliiWaSakina:
Samahani aisee, nimerudia kusoma hapo kwa mama na risiti, nafuta kauli. Sisi tumekua tunatishana shuleni "utapelekwa Mirembe", sijawahi kufikiria kuna watu walipelekwa kweli na wana mama zao.

Mtumishi_Elia:
Mleta mada hapo unachimba kaburi la laana ya ukoo. Mdogo wako ameshaonyesha dalili na wewe bado unaita majina ya waliofungwa. Vunja kwa maombi, achana na makaratasi.

KihambaChaBabu:
Mtumishi asante, maombi yanaendelea na vidonge vinaendelea, mdogo wangu sa hizi yuko kazini anaendesha gari la kokoto. Makaratasi nayo yaendelee.

NesiMstaafu:
Mwanangu hongera kwa kutomficha mdogo wako. Nimefanya kazi wodi za akili miaka mingi kabla sijastaafu nikarudi Moshi kulea wajukuu, ngoja nikupe ninayoyajua.

Kwanza usitafute faili. Faili la mgonjwa wa miaka ya 30 ni karatasi nyembamba, zinaliwa na mchwa, zinachomwa, zinawashiwa jiko. Tafuta REJISTA ya kulazwa. Lile ni daftari kubwa la jalada gumu, mgonjwa mmoja anapewa mstari mmoja. Namba, jina, kabila, wilaya, tarehe ya kuingia, ugonjwa, halafu safu ya mwisho kabisa ndo ya kutolea jasho, ametoka, amekufa au ametoroka. Daftari kama hilo ni zito hata mwizi halitaki ndo maana yanadumu.

Pili usitafute kwa jina la ukoo. Enzi hizo karani alikuwa anaandika jina la mtu na la baba yake, katikati anaweka s/o (mtoto wa), basi. Jina la ukoo unalojivunia wewe leo kwenye kitambulisho halimo. Na karani mwenyewe huenda ni Mnyasa au Mganda, anasikia jina la Kimachame anaandika alivyosikia. Andika jina kwa namna zote mbovu unazoweza kufikiria, L na R zibadilishe, N ya mbele iondoe. Mi niliwahi kuona Mchaga kaandikwa Mpare na Mpare kaandikwa Msambaa.

Tatu, ukilikuta jina usitishike na ugonjwa ulioandikwa. Wataandika mania, melankolia, dimenshia. Humo ndani walichanganywa watu wa kila aina. Wenye kifafa, wenye kaswende iliyopanda kwenye ubongo, wenye malale, wengine ni malaria kali iliwaacha wakiwa wamechanganyikiwa. Kaswende ile siku hizi unapigwa penisilini, wakati huo haipo. Dawa ya kwanza ya kutuliza akili yenye kueleweka, ile tuliyokuwa tunaiita lagaktili, imegunduliwa Ufaransa na kuanza kutumika 1952. Kabla ya hapo ilikuwa ni kuta, jembe na Mungu.

Na kwa huyo mdogo wako, daktari hakuuliza kwa ubaya. Kwenye ugonjwa wa skizofrenia mtu yeyote ana uwezekano kama asilimia 1, ukiwa na mzazi au ndugu wa tumbo moja mwenye nao inakuwa kama 10. Kaka yake babu ni mbali zaidi ya hapo. Sio laana hiyo.

KihambaChaBabu:
Mama shikamoo. Hii nimeiskrinshoti nimeitupa kwenye grupu la ukoo, wamekaa kimya wote, watu 46 tiki za bluu.

NesiMstaafu:
Marahaba. Waache, wanasoma.

MpareHalisi:
Mleta uzi mi nina swali moja tu halafu niendelee na mambo yangu. Umesema TRENI?

KihambaChaBabu:
Ndio mkuu, bibi karudia mara mbili, treni, stesheni ya Moshi.

MpareHalisi:
Basi acha kupoteza nauli ya Dodoma.

Mi baba yangu alikuwa mtu wa reli, nimezaliwa kwenye kota za stesheni pale Same, nikakua na ratiba ya treni kichwani kuliko tebo ya kuzidisha. Reli ya Moshi ni ya Mjerumani, inatoka Tanga inapita Korogwe, Mombo, Same, inapanda Moshi, Mwingereza akaja kuisogeza Arusha 1929. Na ile ya Voi kwenda Kenya iliunganishwa wakati wa vita ya kwanza. Reli ya kati ni nyingine kabisaaa, Dar, Morogoro, Dodoma, Tabora mpaka Kigoma. Hizi mbili zilikuwa hazigusani! Kipande cha kuziunganisha, Ruvu mpaka Mnyusi, kimekamilika 1963 tumeshapata uhuru. Sasa mzee wako 1938 hivi anapandaje treni Moshi anashukaje Dodoma? Anaruka?

Mtu wa Moshi wa kupelekwa Dodoma miaka ile walimweka kwenye lori, Arusha, Babati, Kondoa, Dodoma. Njia ya vumbi hiyo. Ukiniambia lori nakubali Mirembe. Ukiniambia treni, mzee wako alienda upande wa Tanga.

ChaliiWaSakina:
Eeeh bwana weee. Mpare kabania maneno miaka yote kumbe alikuwa anayatunzia hii siku.

KaratasiZaZamani:
MpareHalisi heshima yako mkuu ila usifunge mlango. Inawezekana pia treni mpaka Tanga, meli mpaka Dar, halafu treni ya kati mpaka Dodoma. Wafungwa na wagonjwa wangeweza kuzungushwa hivyo. Mirembe ipo tangu 1927 kwa hiyo kwa mwaka tu haigomi.

MpareHalisi:
Mkuu kwa akili yako DC atoe nauli ya treni, ya meli, na ya treni nyingine, pamoja na askari wa kumsindikiza, kwa mtu aliyechoma banda la mbuzi?

KaratasiZaZamani:
Hapo sasa ndo umegusa penyewe. ASKARI. Nimesoma posti ya kwanza mara mbili. Mgonjwa wa serikali alikuwa anapelekwa na polisi, na kabla ya hapo anakaa mahabusu wakati hakimu na daktari wanaandika hati ya kumpokea. Lazima hakimu asaini, huwezi kuletwa tu. Huyu mzee hakupelekwa na polisi, amepelekwa na mzee wa kanisani. Mleta mada swali langu la kijinga, ukoo wenu ni Walutheri au RC?

KihambaChaBabu:
Walutheri. Toka enzi za wamisheni wa Leipzig, babu wa babu alibatizwa na Mjerumani.

KaratasiZaZamani:
Basi nadhani tumempata. LUTINDI.

Kwa wasiojua, Lutindi iko juu kwenye milima ya Usambara wilaya ya Korogwe. Wamisheni wa Kijerumani walianzisha kituo pale miaka ya 1890 kwa ajili ya watoto waliokombolewa kwenye utumwa, halafu mwanzoni mwa miaka ya 1900 wakakigeuza kuwa sehemu ya kutunzia wagonjwa wa akili. Yaani ni ya zamani kuliko Mirembe, ni ya zamani hata kuliko Mathari, hospitali ya akili ya Nairobi iliyofunguliwa 1910. Na ipo mpaka leo, ya KKKT, inafanya kazi. Sasa Mlutheri wa Machame, mchungaji wake Mjerumani, mgonjwa amechoma banda. Mchungaji anaandika barua kwa wenzake kule, anampa mzee wa kanisa nauli ya watu wawili kwenda na mmoja kurudi, treni Moshi mpaka Korogwe, kutoka hapo miguu kupanda mlima. Hakimu hajui, DC hajui, ndo maana ukienda kutafuta kwenye mafaili ya serikali utazeeka.

Anza KANISANI KWENU. Vitabu vya ubatizo. Mgonjwa akipelekwa mbali na msharika hayupo tena, mchungaji lazima aandike pembeni alikoenda, maana anatoa hesabu ya washarika kila mwaka. Kama kwenu hakipo, makaratasi ya misheni ya Leipzig yamehifadhiwa Halle kule Ujerumani, na waliokuwa na Lutindi ni wamisheni wengine, wa Bethel, hayo yako Wuppertal. Usichanganye. Wanajibu barua pepe.

Na kama ingekuwa ni mgonjwa wa serikali ndo ungeenda Nyaraka za Taifa Dar, Upanga, na barua ya utambulisho, ukaombe mafaili ya wilaya ya Moshi, jimbo la Kaskazini. Sheria ya kumbukumbu ya 2002 inafungua nyaraka zikishafika miaka 30 kwa hiyo za 1938 umri wake umepita zamani. Watu wengine watakwambia nenda Kew Uingereza, hifadhi yao ya nyaraka, kwenye mafaili ya CO 691 ya Tanganyika. Kule utakuta idadi ya wagonjwa na bei ya mablanketi. Majina ya Waafrika hawakuyapeleka London.

KihambaChaBabu:
Wakuu nimesimama hapa dukani mteja ananiita sisikii.

Dada_Njiro:
Naomba nidandie. Mimi naishi Arusha, kaka wa babu yangu alikuwa Nairobi anafanya kazi reli, akaugua akawekwa Mathari miaka ya 40. Kwetu alisemwa "yuko kazini Nairobi" mpaka watoto wake wakazeeka, baba yao mdogo alikuwa analeta zawadi Krismasi anasema zimetoka kwake.

Nilienda hifadhi ya nyaraka ya Kenya pale Moi Avenue, unalipa ada kidogo unakaa unasoma. Mathari ilikuwa na wodi za Wazungu peke yao, Wahindi peke yao, Waafrika peke yao, hata wazimu ulikuwa na rangi. Na aliyekuwa anaongoza pale kuanzia 1938 mpaka 1950 ni daktari anaitwa Carothers, ambaye alipewa hospitali bila kusomea magonjwa ya akili, halafu 1953 akaliandikia Shirika la Afya Duniani kwamba Mwafrika wa kawaida anafikiri kama Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka uliofuata serikali ya Kenya ikamtumia kueleza Mau Mau ni kuchanganyikiwa. Sasa ukikuta huyo ndo amesaini kwamba babu yako ni mwendawazimu unamwamini vipi? Mimi nilikuta mstari mmoja tu kuhusu babu, kwamba "anagoma kula na kudai mshahara wake". Nikacheka halafu nikatoka nje nikalia pale kwenye ngazi, wamachinga wananiangalia.

NesiMstaafu:
Pole mama. Hiyo ya kudai mshahara naweza kuiamini.

MpareHalisi:
Alikuwa anadai haki yake huyo. Reli walikuwa wanachelewesha hata kwa wazima.

*(wiki tatu baadaye)*

KihambaChaBabu:
Wakuu nimerudi, mkae vizuri.

Nilienda kwa mchungaji, nikamweleza, hakushangaa hata kidogo, akasema mwanangu hapa wanakuja watu wa viwanja na watu wa vyeti vya kuzaliwa, wewe ni wa kwanza kuja kumtafuta mgonjwa. Akanifungulia kabati. Vitabu viwili vya zamani vimefungwa kwa kitambaa cha kitenge. Tulianza saa nne asubuhi. Mwandiko wa Wajerumani wa zamani wakuu ni kama kuku amepita na matope, sikuambulia neno, nikawa nafuata majina tu kwa kidole. Saa nane na nusu nikamkuta. Jina lake, jina la baba yake, kabatizwa 1913 akiwa mtoto mchanga. Kwa hiyo kodi ya kwanza kalipa akiwa na miaka 18.

Pembeni kwenye safu ya maelezo kuna maneno matatu ya Kijerumani na tarehe. Nikapiga picha nikaweka kwenye ile programu ya kutafsiri ya simu. Ikaniambia "shayiri mgonjwa". Naapa. Shayiri mgonjwa. Nimekaa na mchungaji tunatazamana, tunawaza labda alikuwa analima shayiri.

Picha hiyo hapo chini, mwenye macho asaidie.

KaratasiZaZamani:
😂😂 Simu imekuonea. E yao ya zamani inafanana na n yetu na s za katikati zinasimama ndefu, ndo maana ikasoma Gerste ambayo kweli ni shayiri. Pale pameandikwa "geisteskrank, nach Lutindi" na tarehe ni 11.2.38. Mgonjwa wa akili, kwenda Lutindi. Februari, risiti ya kodi ya 38 alikuwa hajakata.

MpareHalisi simama upigiwe makofi.

MpareHalisi:
Nipigieni na nauli.

ChaliiWaSakina:
Treni moja imevunja stori ya miaka 80 na ushee. Nimesisimka mwili.

NesiMstaafu:
Mwanangu kuza hiyo picha. Chini ya Kijerumani kuna mwandiko mwingine wa wino wa bluu umefifia, naona ni Kiswahili. Miwani yangu haifiki.

KihambaChaBabu:
Mama umeona. Sikutaka kuliandika la kwanza. Limeandikwa "Amekufa Lutindi 1941."

NesiMstaafu:
Pole sana. Apumzike.

KaratasiZaZamani:
Pole mkuu. Na angalia mwandiko ulivyobadilika. Vita ya pili ilipoanza Waingereza waliwakusanya Wajerumani wengi wakawaweka kizuizini, wamisheni wakiwemo, makanisa yakabaki kwa wachungaji Waafrika. Aliyeandika mstari wa pili ni Mmachame mwenzenu, ndo maana ni Kiswahili.

KihambaChaBabu:
Ndo kinachoniumiza hicho mkuu. Ni Mmachame mwenzetu. Taarifa ilifika. Ilifika mpaka kwenye kitabu cha kanisa ambalo mama yake alikuwa anasali kila Jumapili, kutoka mlangoni mpaka kwenye hilo kabati ni hatua 20. Na bibi ameolewa 1953 akakabidhiwa risiti na mama bado anasema akirudi. Miaka 12! Sasa hakuambiwa? Au aliambiwa akakataa kusikia? Au aliambiwa mume wake akanyamaza kivyake? Nimemuuliza bibi akaniambia "mjukuu, wanaume wa nyumba hii hawasemi", akaendelea kumenya ndizi.

Dada_Njiro:
Hiyo sentensi ya bibi nimeisoma kwa sauti huku ndani, mume wangu kajifanya hajasikia.

MpareHalisi:
Umeenda Lutindi au unaishia kitabuni?

KihambaChaBabu:
Nimeenda mkuu, Ijumaa na Jumamosi. Basi mpaka Korogwe, kulala gesti, asubuhi bodaboda na kupanda. Mdogo wangu kasema anaenda na mimi, nikaogopa kidogo kumpeleka, yeye ndo alikuwa mtulivu kuliko mimi. Kule juu ni ukungu na mashamba ya chai, baridi ya kwetu kabisa, ukifumba macho unadhani uko Machame, sijui kama hilo lilimsaidia mzee au lilimtesa. Walitupokea vizuri, tukapewa chai, tukaeleza. Kuna mzee wa pale kijijini akatutembeza akatuonyesha upande wa zamani wa makaburi, lipi ni lake sikuweza kujua na sikutaka kubahatisha. Mdogo wangu akavua kofia akasimama pale muda mrefu, nikaenda kumshika bega, akaniambia niache kwanza namsalimia.

Tumechota udongo kidogo. Sikuwa na kitu cha kuwekea nikatia kwenye kopo, eh ndio, lile la biskuti nilikuwa nimelibeba na risiti zake.

ChaliiWaSakina:
Mnauzika lini? Mi nakuja na kreti.

KihambaChaBabu:
Hapo ndo kuna vita sasa. Kikao cha ukoo kimekaa juzi. Baba amekubali, nusu kimya nusu amekubali, akasema udongo uwekwe pembeni ya kaburi la mama yake, chini ya masale pale mpakani (mmea wetu Wachaga wa mipaka na wa kuombea msamaha). Ila baba mdogo kapinga, kasimama kabisa na glasi ya mbege mkononi anauliza swali moja tu: je huyo marehemu aliacha mtoto? Maana kihamba cha huyu mzee, cha mtoto wa kwanza, kumbe ndo hicho hicho anachokaa yeye na kimeshapimwa na hati imetoka!

MpareHalisi:
Aaaah! Kumbe. Na sisi tunahangaika na mambo ya aibu na laana.

Dada_Njiro:
Na kwetu ilikuwa ng'ombe.

KihambaChaBabu:
Mtoto hakuacha, hakuwahi kuoa, kitabu cha ndoa nimekipekua chote kwa ajili hiyo. Nikamwambia baba mdogo kaa na kihamba chako, sisi tunataka futi mbili za mraba. Akaketi. Ameomba aletewe sale kwanza na wazee wayamalize, kwa hiyo ni Agosti, watu wa mbali wakishapata likizo. Halafu mke wa mdogo wangu ni mjamzito, wa mwezi wa kumi. Hatujasema kitu, ila shangazi ameshaanza kumwita yule wa tumboni kwa jina.

NesiMstaafu:
Mwambie huyo binti asiache kliniki, na mumewe asiache dawa kwa sababu ya furaha. Agosti mnialike.

KihambaChaBabu:
Mama wewe ni mgeni rasmi.

Mtoto_wa_Kilema:
Habari wakuu, nimesoma uzi wote usiku huu nimeshindwa kulala. Sisi ni RC wa Kilema. Dada yake bibi alichukuliwa mwaka ambao mama yangu anaanza darasa la kwanza, ni kama 1956 au 57. Mama anakumbuka alivaa kanga mbili na alikuwa anacheka. Hatujui alipelekwa wapi. Mnaweza kunisaidia?

MpareHalisi:
Karibu dada. Muulize mama kabla hajalala, treni au lori?